Nta ya kupuliza: nimepaka nusu ya boneti, nusu nimeiacha. Tuone itachukua muda gani

MkaziWaUtawala
Jumapili, usiku

Wakubwa, hamjambo.

Nina Fielder nyeusi, ile ambayo kibao chake cha rangi kimeandikwa 209. Wenye magari meusi mnanielewa bila maelezo. Likitoka kuoshwa linang'aa hadi unaogopa kuliegemea, na kabla hujamaliza Eastern Bypass limeshakuwa la kijivu. Nyumbani ni Utawala na barabara yetu ya ndani haijawahi kuonja lami. Kiangazi ni vumbi, mvua ikinyesha ni ule udongo mweusi unaoshika kama ukoko wa ugali. Kazini ni Upper Hill, na nafasi yangu ya kuegesha iko chini ya mjakaranda. Zile zenye paa la mabati zina wenyewe.

Mwezi uliopita nilisimama kituo cha mafuta usiku, taa zikamulika boneti, nikaona mikwaruzo midogo midogo ya mviringo imejaa kama utando wa buibui. Hiyo si ya mawe wala matawi. Ni ya spanji.

Basi nimenunua chupa ya nta ya kupuliza, mililita 500, shilingi 1,650, barabara ya Kirinyaga. Jina silitaji. Nikilitaja tutagombania chapa hadi Krismasi. Kibandiko kinasema ina karnauba na inalinda rangi kwa miezi mitatu. Hiyo miezi mitatu ndiyo nataka kuihesabu.

Nimeosha gari mwenyewe kwa shampuu ya magari, nikalikausha, nikabandika tepu ya wapaka rangi katikati ya boneti kuanzia chini ya waipa hadi kwenye nembo. Upande wa kushoto nimepuliza. Upande wa kulia, wa dereva, hakuna kitu. Kisha nikabandua tepu.

Kosa langu la kwanza nimelifanya hapo hapo: nilianza saa saba mchana, boneti imeshachemka. Ukipuliza, maji yanakauka kabla kitambaa hakijafika, yanaacha michirizi myeupe kama ubao uliofutwa kwa kiganja. Nimehangaika robo saa. Ikabidi nisogeze gari kwenye kivuli cha gorofa, ningoje bati lipoe, nipulize kidogo tena juu ya ile michirizi na kuifuta upesi kwa upande mkavu. Ikatoka. La pili, nilikuwa naimwaga kama dawa ya mende. Nusu boneti inahitaji kubonyeza mara tatu au nne tu.

Nitarudi.


KijanaWaRoysambu

Kuna watu mna wakati bana. Mimi napeleka kwa vijana wa kuosha, mia tatu, nakunywa chai, natoka. Na waksi wananipigia kwa hiyo hiyo mia tatu.


FundiWaRangi

Kijana, hiyo waksi ya mia tatu uliwahi kuuliza inatoka chupa gani? Mara nyingi ni mafuta ya taa yaliyochanganywa na dizeli, au mabaki ya kung'arisha magurudumu. Linang'aa ndiyo, hata sufuria ukiipaka mafuta inang'aa. Ukitoka getini vumbi lote la Thika Road linakuja kukaa juu ya hayo mafuta, na mipira ya milango inaanza kulegea.

Mkubwa wa Utawala, swali. Kabla ya kupuliza ulipitisha mkono?


MkaziWaUtawala

Kupitisha mkono vipi, fundi?


FundiWaRangi

Chukua plastiki ya mkate, vaa mkononi kama glavu. (Zamani tulitumia juala, lakini tangu zipigwe marufuku 2017 mkate ndio umebaki kutuokoa.) Pitisha vidole polepole juu ya boneti iliyooshwa na kukauka. Bila plastiki utahisi laini. Ukiwa na plastiki utashangaa, kama msasa. Hizo ni chembe zilizojipachika: vumbi la breki, chuma, utomvu wa mti, ukungu wa rangi kama uliegesha karibu na gereji. Shampuu haizitoi. Ukipaka nta juu yake unazifunika tu, na nta yenyewe inakosa pa kushika.

Tafuta ule udongo laini wa kusafishia rangi, unauzwa kwenye kikopo kama udongo wa watoto wa kufinyanga. Lowesha boneti kwa maji ya shampuu, telezesha bila kukandamiza. Ukiuangusha chini usiurudishe kwenye gari hata kama ulikuwa wa bei. Ukishaokota mchanga huo ni msasa.


MkaziWaUtawala
Jumapili iliyofuata

Fundi, nimefanya jaribio lako la mkate na nimeaibika. Msasa mtupu. Na pale karibu na kioo kulikuwa na vitone vya utomvu ambavyo nilidhani ni sehemu ya rangi.

Kwa hiyo nimeanza upya. Udongo pande zote mbili za boneti, nikafuta kwa kitambaa chenye spiriti ili mabaki ya nta ya wiki iliyopita yaondoke, tepu, kisha nikapuliza kushoto pekee. Safari hii nimeanza saa moja asubuhi, bati baridi. Imetoka safi, bila mchirizi hata mmoja, na kazi yenyewe imechukua muda wa kuchemsha chai.

Wiki ya kwanza ihesabiwe kuanzia leo.


DadaWaDemio

Kaka, mie nina Demio nyekundu, ya 2014. Paa limeanza kupauka kidogo, si kama milango. Nikipuliza hii nta rangi itarudi? Na itazuia jua? Nipe jibu la ukweli, nisiende kutupa elfu moja na mia sita.


FundiWaRangi

Dada, nijibu mimi kwa sababu wateja wa namna hii wananijia kila wiki.

Gari lililotoka kiwandani lina matabaka. Chini kuna praima, juu yake rangi yenyewe, na juu kabisa kuna klia, ambayo haina rangi, ni kama kioo. Klia ndiyo inayokupa mng'ao na ndani yake ndimo mna dawa ya kuzuia miale ya jua. Sasa chukua karatasi moja ya fotokopi, ishike. Unene wake ni karibu maikroni 100. Matabaka yote ya rangi ya gari lako kwa pamoja ni kiasi hicho au zaidi kidogo. Klia peke yake ni maikroni 40 hadi 50, nusu ya karatasi au pungufu. Hiyo ndiyo akiba yako ya maisha, na kila ukipeleka gari likapigwe polishi kwa mashine unachotoa ni hiyo.

Paa na boneti ndivyo hufa kwanza kwa sababu vinatazama juu. Na Nairobi jua lake linadanganya. Tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na karibu kabisa na ikweta, mionzi ni mikali hata kukiwa na baridi ya Julai ya kuvaa sweta.

Kuzuia jua: nta ya kupuliza ni utando mwembamba mno, kinga yake dhidi ya mionzi ni ndogo sana. Kivuli ni bora kuliko chupa yoyote. Kurudisha rangi: kama mpauko ni uchafu na klia iliyochoka juu juu, polishi nyepesi itaamsha, kisha nta. Kama unaona mabaka meupe yanayobanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua, klia imekwisha. Hapo hata ukimwaga ndoo nzima ya nta, ni kupaka rangi upya.


DadaWaDemio

Bado haijabanduka, ni mpauko tu. Asante fundi. Nitatafuta kivuli kwanza.


KijanaWaRoysambu

Sasa mimi nikiri kitu. Mwaka jana nilinunua dawa ya mikwaruzo kwa mchuuzi kwenye jamu ya Mombasa Road. Alikuja dirishani, akapaka kwenye mlango wangu, mkwaruzo ukapotea mbele ya macho yangu. Nikampa mia tano haraka haraka kwa sababu magari yalianza kusonga. Mvua ya kwanza, mkwaruzo huyo hapo umerudi, na pembeni umeacha weupe kama chaki.


FundiWaRangi

Pole. Ni mafuta ya silikoni. Yanajaza mkwaruzo, mwanga unapita sawa, jicho linadanganyika. Hata nta halali hufanya hivyo kidogo. Hakuna nta inayoondoa mkwaruzo, inauficha.

Na nikiwa bado kwenye silikoni, hilo ndilo linalonifanya nizichukie hizi chupa kazini. Mtu anapuliza miaka miwili, halafu anagongwa bampa, ananiletea. Nisiposafisha kwa dawa ya kuondoa grisi kabla ya kupiga msasa, rangi mpya inajikunja, inafanya vishimo vidogo vya mviringo, sisi tunaviita macho ya samaki. Kazi yote inarudi mwanzo. Tafadhali mwambieni fundi wenu kama mmekuwa mkipaka kitu. Na kinyume chake: gari likitoka kupakwa rangi gerejini usilipige nta wala dawa yoyote kwa miezi miwili au mitatu. Rangi mpya bado inapumua, inatoa vimumunyisho vyake. Ukiifunika unaifungia hewa.


MkaziWaUtawala
Wiki ya pili

Ripoti fupi na ya kukatisha tamaa. Kwa macho, sioni tofauti. Mke wangu nilimwuliza upande upi una nta, akaonyesha wa kulia. Vumbi linakaa pande zote mbili sawasawa. Kama kuna mtu aliwaambia nta inafukuza vumbi, hajawahi kukaa Utawala.


MwalimuWaKemia

Nimekuwa nikisoma kimya. Niongeze mawili kabla hamjafika kwenye ile hatua ya kupiga picha za matone ya maji.

Karnauba ni nta halisi ya mmea, inakwanguliwa kwenye majani ya mti mmoja wa jamii ya mnazi unaomea kaskazini mashariki mwa Brazil. Huo mti hujipaka nta ili usikauke. Ni ngumu kwa nta ya mmea, haiyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 80 na kitu, ndiyo maana watu wa magari waliipenda. Hiyo hiyo ndiyo inayong'arisha peremende na vidonge vya dawa. Mnaila kila siku. Lakini chupa ya kupuliza lazima iwe nyepesi ya kupita kwenye tundu dogo, kwa hiyo kilichomo kwa sehemu kubwa ni maji, halafu matone madogo sana ya nta au polima au silikoni, na kitu cha kuvifanya visitengane na maji. Ndiyo maana unaambiwa utikise. Unachobakisha kwenye bati ukishafuta ni utando mwembamba kabisa, mwembamba kuliko ule wa nta ngumu ya kopo. Wepesi wa kupaka na ufupi wa maisha yake ni jambo moja.

La pili: tone la mviringo si ushahidi wa ulinzi. Linakuambia tu kwamba uso haupendi maji. Jani la myugwa likimwagiwa maji linafanya matone mazuri kuliko gari lolote, na ukucha unalipasua. Tena matone yakibaki juani yanakauka, chumvi iliyomo inabaki kama kiduara cheupe. Wenye kuosha kwa maji ya kisima, hasa huko Kitengela na Athi River, mnavijua hivyo viduara.


MkaziWaUtawala

Mwalimu umenikatia kamba kabla sijafika kisimani. Nilikuwa nasubiri mvua nipige hizo picha.

Lakini swali ni la haki. Kama matone si ulinzi, nipime nini?


MwalimuWaKemia

Pima kile unachokiogopa. Ulianza uzi kwa kulalamikia mikwaruzo, siyo kwa kulalamikia maji.


DerevaTeksi_SouthB

Mimi naogopa ndege. Mnawajua wale korongo marabu wa miti ya Nyayo Stadium, wakubwa kama mtoto wa darasa la tatu. Siku moja nilisimama pale chini kungoja abiria, dakika kumi tu. Nilifikiri mtu amemwaga ndoo ya chokaa. Niliendesha hivyo hivyo mpaka jioni nikijua nitaosha nikifunga kazi. Doa lipo hadi leo kwenye paa, umbo lake unaliona kabisa, hata likikaushwa na kung'arishwa.


FundiWaRangi

Jioni ilikuwa kuchelewa. Kinyesi cha ndege kina asidi, na bati likiwa juani klia inalainika na kutanuka. Kinakauka hapo juu, jioni bati linapoa na kujikunja huku limeshikwa na hilo gamba. Ndiyo unaona umbo limechorwa. Hapo nta inasaidia kidogo, kwa sababu inaliwa yenyewe kwanza na inakupa muda. Muda wenyewe ni saa, siyo siku. Weka chupa ndogo ya maji na kitambaa kwenye buti. Kilowanishe, ngoja dakika mbili tatu, kiinue. Usisugue kikavu, kina mchanga ndani.


MkaziWaUtawala
Wiki ya nne

Mvua za vuli zimefika, na jakaranda nayo imechanua. Asubuhi gari linakuwa zambarau. Wageni wanaokuja ofisini wanalipiga picha, mimi nahesabu madoa, maana yale maua yakilala na maji usiku kucha yanaacha alama za hudhurungi.

Nimefuata ushauri wa Mwalimu. Nimetafuta kipimo cha kile ninachokiogopa, na nimekipata kwenye mtungi wa kumwagilia maua wa mke wangu, lita tano. Gari lilikuwa na tope la siku mbili, limekauka. Nikamwaga maji bila kugusa, taratibu, nikianza upande wa kushoto, nikaangalia ni maji kiasi gani yataondoa tope lenyewe bila mkono.

Kushoto: chini kidogo ya nusu mtungi. Tope liliteremka kwa mapande, likabaki ukungu mwembamba tu.

Kulia: nilimwaga mtungi mzima na bado kulikuwa na mistari ya tope imeganda pale boneti inapoinama. Hiyo ilihitaji kitambaa.

Nilirudia Jumatano baada ya kupita ile barabara yetu tena. Jibu lile lile, karibu sawa.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokinunua. Si ngao. Mkwaruzo unatoka pale mchanga unapokuwa kati ya spanji na rangi, na mkono ukakandamiza. Hii nta haizuii mchanga kukwaruza hata kidogo. Inachofanya ni kuufanya mchanga ushuke na maji kabla mkono wangu haujafika. Ninasugua mara moja pale ambapo ningesugua mara tano. Basi.


KijanaWaRoysambu

Kwa hiyo nikipuliza halafu nipeleke kwa wale vijana wa spanji…


MkaziWaUtawala

Umetupa pesa, ndugu yangu. Spanji moja inaosha magurudumu ya lori la mchanga saa tatu asubuhi, saa nne inaosha boneti yako. Tena na sabuni ya unga, ambayo ni kali, inaondoka na hiyo nta siku ya kwanza.

Siwalaumu wale vijana. Mteja amesimama na funguo mkononi anaangalia saa, na kwa mia tatu hawawezi kukaa na gari moja saa nzima. Mimi siku hizi nikikosa muda nawaomba kitu kimoja: piga mashine ya presha na povu, suuza, niachie. Usiguse. Nakausha mwenyewe kwa kitambaa changu. Wananiona mgonjwa lakini wanapokea pesa.


DadaWaDemio

Kaka, na sisi tunaokaa gorofa na hatuna bomba la nje? Keateka wetu akikuona na ndoo ya pili anapiga simu kwa landilodi. Maji yanakuja kwa zamu.


MkaziWaUtawala

Dada, hata kwetu ni zamu, Jumanne na Ijumaa mapema. Mimi natumia ndoo mbili za lita 20 na huo mtungi wa maua. Ndoo ya kwanza ina shampuu, ya pili ni maji matupu ya kusuuzia kitambaa kabla hakijarudi kwenye shampuu. Anza juu shuka chini, sehemu za chini za milango ziwe za mwisho kwa sababu ndiko mchanga uliko. Magurudumu yana kitambaa chake, kisikutane na kingine hata kwenye kamba ya kuanikia. Maji ya mwisho yaliyobaki nayatumia kwenye mikeka ya ndani.


MpwaniWaSouthB

Nyie wa bara mna bahati, mwalalamika vumbi. Kwetu Mombasa gari hukaa miaka mitatu ufuoni, ukibonyeza chini ya mlango kidole chapenya. Nta yatusaidia juu, kutu hula kutoka chini. Haya endeleeni, nawasikiliza.


MwalimuWaKemia

Jaribio la mtungi limenifurahisha kuliko nilivyotarajia. Upungufu wake ni kwamba wewe unajua upande upi una nta, na mkono unaomwaga ni wako. Mwambie mke wako amwage.


MkaziWaUtawala
Wiki ya sita

Mke wangu amemwaga. Hakuambiwa upande. Kushoto bado kunashinda, lakini sasa ni robo tatu ya mtungi dhidi ya mtungi mzima. Matone nayo yamelala, hayako tena ya mviringo, yanakaa bapa kama chapati. Tofauti inakwisha. Kumbukeni naosha kila wiki, gari halilali ndani, na mvua imenyesha karibu kila siku.

Sasa aibu nyingine. Wiki ya nne, kwa furaha ya matokeo, nilipuliza milango na paa, na upepo ukapeleka kiasi kwenye kioo cha mbele. Sikufuta vizuri. Juzi mvua kubwa Outer Ring, saa moja jioni, waipa zinaruka ruka na kupiga kelele kama paka, na kila taa inayokuja mbele imetapakaa kwenye kioo kizima. Niliendesha kichwa nje ya dirisha hadi pale pa kuingilia Taj Mall ya zamani. Nimesafisha kioo kwa spiriti mara mbili na kufuta raba za waipa, sasa ziko sawa. Pulizeni kwenye kitambaa, siyo kwenye gari, mkiwa karibu na kioo. Na diski za breki msikaribie hata kwa bahati mbaya.


DerevaTeksi_SouthB

Niliitishwa elfu arobaini kuwekewa ile dawa ya kauri ya kulinda rangi. Hii yako ya elfu moja na mia sita si inashinda?


FundiWaRangi

Ni vitu viwili tofauti, mkubwa. Ile ya kauri ni silika inayoshikana na klia yenyewe, inakaa miaka ikifanywa sawa. Lakini fedha nyingi hapo ni za kazi ya kunyoosha rangi kabla, maana ukifungia mikwaruzo ndani utaitazama miaka yote hiyo. Na haizuii jiwe la lori. Kwa teksi inayolala nje na kuoshwa kila asubuhi, mimi ningeweka hizo fedha kwenye matairi.


DerevaTeksi_SouthB

Hapo umenena.


MkaziWaUtawala
Wiki ya nane

Leo tumemwaga tena. Pande zote mbili sawa, mtungi mzima kila upande. Ile miezi mitatu ya kibandiko kwangu ilikuwa wiki sita, saba ukiwa mkarimu. Kwenye kibandiko labda gari hilo linalala ndani ya kabati.

Hesabu ya fedha: gari zima linakula kama mililita 40, kwa hiyo chupa ni mara kumi na mbili, karibu shilingi 140 kila mara. Nikipuliza kila baada ya wiki nne au tano, chupa moja inanifikisha mwakani. Hiyo naiweza. Nta ya kopo, ile ya kusugua kwa mviringo na kungoja ikauke, najua inadumu zaidi, lakini najijua na mimi: ningeifanya mara moja, mgongo uume, kopo likae kabatini hadi likauke.

Taa za kituo cha mafuta nimezitembelea tena usiku. Mikwaruzo ya zamani ipo pale pale, nta haikuigusa. Mipya sijaiona, upande wowote, hata ule usio na nta. Nafikiri hapo sifa nyingi ziende kwa ndoo ya pili.


DadaWaDemio

Kaka, na boneti utaiacha hivyo nusu nusu? Juzi nilikupita Bypass kwenye mvua, nikajua ni wewe. Maji yanateremka tofauti huku na huku, kama gari limenyolewa kipara upande mmoja.


MkaziWaUtawala

Hahaha, kumbe ni wewe ulipiga honi. Ilikuwa wiki ya tano hiyo, sasa zimelingana, mstari hauonekani.

Jumapili hii napuliza boneti nzima, kulia na kushoto. Yaani, maji yakija. Jumanne hayakuja, Ijumaa yalikuja nusu saa ya tope, na mke wangu amechukua mtungi wake, amesema maua yametosha kuteseka.